Vijana kwenye utafiti wa ustahimilivu wa vijiji (Moshi): wafanye nini zaidi ya kubeba madodoso?

ukanda_wa_juu ameuliza:

Habarini wakuu. Kikundi chetu kinaandaa utafiti wa miezi 10 Moshi Vijijini: vijiji viwili vya juu kwenye vihamba (mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba), na kimoja cha chini kwenye mpunga, upande wa Mabogini. Swali kuu ni jinsi kaya zinavyohimili mvua zikichelewa au zikizidi, na hali ya maji kwenye mifongo (mifereji ya asili ya kumwagilia). Tunataka vijana 24 wa miaka 16 hadi 24, wanane kila kijiji, washiriki tangu mwanzo. Kuanza ni Februari, kabla ya masika.

Naomba msaada kwenye haya:
1. Tuwapateje vijana bila kuishia na watoto wa viongozi?
2. Wapime nini bila vifaa vya gharama, na takwimu ziaminike?
3. Tuwalipe au tusiwalipe?
4. Tufanyeje ili wasiwe mapambo ya kwenye picha za ripoti?

---

bint_kibosho amejibu:

Naanza na la nne maana linaamua mengine. Mwaka 1992 Roger Hart aliandika kupitia UNICEF kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto na vijana. Ina vidato vinane, na vitatu vya chini kabisa hakuvihesabu kuwa ushiriki: kutumiwa, kuwa pambo na kuwepo kwa jina tu. Kipimo changu chepesi ni hiki: kijana ana uwezo wa kufuta swali kwenye dodoso lenu? Kama dodoso limeshachapwa kabla hajaitwa, mmeajiri wabeba karatasi. Si dhambi, ila msiite utafiti shirikishi.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza msikusanye chochote. Siku ya kwanza tembeeni na vijana kutoka juu ya kijiji hadi chini kwa mstari mmoja, kwa muda wa saa tatu hivi, mkisimama kila udongo, mazao au chanzo cha maji kinapobadilika. Siku ya pili wachore ramani ya kijiji kwenye manila, wavulana peke yao na wasichana peke yao. Ramani mbili hazitafanana. Ya wasichana itakuwa na bomba lisilotoa maji na njia ya kuni, ya wavulana itakuwa na kijiwe cha bodaboda na uwanja wa mpira. Tofauti hiyo ndiyo iwape maswali ya utafiti. Siku ya tatu kila kijana aandike maswali matatu, myapigie kura, na angalau theluthi moja ya dodoso itoke hapo.

Kuhusu kuwapata: msimwachie mwenyekiti akuletee orodha. Tangazeni sehemu nne: shuleni, nyumba za ibada, kijiwe cha bodaboda na gulioni. Wajiandikishe, kisha pigeni kura hadharani kwa vikaratasi kwenye mafungu manne: wasichana walio shule, wasichana wasio shule, wavulana walio shule, wavulana wasio shule. Wawili wawili kila fungu. Mtendaji akishuhudia kura, hana la kulalamika mtoto wake akikosa.

Juu ya hao wanane ongezeni wawili kila kijiji: andikisheni 30, siyo 24. Mkiita 24 mtamaliza na 17. Waliomaliza kidato cha nne wataondoka Julai kwenda kidato cha tano, na wa kidato cha nne mwezi Novemba wako kwenye mtihani wa taifa. Wavulana wa vijiji vya juu wengi ni wapagazi: Juni hadi Oktoba wako mlimani. Wekeni kazi nzito ya mahojiano Aprili na Mei, msimu wa upagazi ukiwa chini, na mikutano iwe alasiri kati ya saa 8 na saa 10. Mkiita saa 11 jioni wasichana hawaji, huo ni muda wa maji na jiko.

Ruhusa: barua ya taasisi inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji. Mkitumia wanafunzi, Afisa Elimu Sekondari naye apate nakala. Ithibati ya maadili ya utafiti ombeni kupitia chuo mnachoshirikiana nacho, na ombeni mapema, ndiyo inayochelewesha kuliko zote. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mzazi anasaini, na mtoto mwenyewe anakubali au anakataa kwa karatasi yake. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, hapo ni hapana.

---

mpimamvua amejibu:

Swali la pili ni langu.

Chagueni vipimo viwili tu, mvua na maji ya mfongo, mvifanye vizuri kwa miezi yote. Miradi mingi inawapa vijana vipimo saba, mwezi wa tatu hakuna hata kimoja kinachoendelea.

*Mvua.* Chupa ya maji ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka (yenye kiuno au mikunjo haifai). Kata pale shingo inapokwisha kupanuka na ubavu kunyooka, geuza kipande cha juu kiwe mrija ndani ya kile cha chini, funga kwa selotepu. Kitako cha chupa kina mabonde, hivyo usiamini rula iliyobandikwa toka chini. Njia salama ni kumimina maji kwenye sirinji ya duka la dawa na kuhesabu mililita. Mdomo wenye kipenyo cha sm 9 una eneo la sm² 63.6, hivyo milimita moja ya mvua ni ml 6.36. Mkipata ml 159, mvua ilikuwa mm 25. Kila chupa ipimwe kipenyo chake na namba yake ya kugawia iandikwe kwa maka peni kwenye nguzo. Chupa mbili za kampuni tofauti hazifanani.

Kifungeni kwenye nguzo, mdomo ukiwa mita 1 toka ardhini ili matone yanayoruka yasiingie. Umbali toka mti au nyumba uwe angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho: mti wa mita 8, kaa mita 16. Na hapa ndipo kihamba kinawashinda watu. Ndani ya kihamba huna hizo mita 16: juu kuna mgrevilea na parachichi, chini yake mgomba, chini yake kahawa. Jani la mgomba likielekea kwenye chupa linamimina mvua ya eneo zima, likiipa mgongo mnapata nusu. Wekeni kwenye uwanja wa shule, zahanati au kanisa, hata kama mwenye kihamba atanuna kidogo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inasoma mvua saa 3 asubuhi. Mwanafunzi saa 3 yuko darasani. Bora vituo vyote visomwe saa 1 asubuhi bila kukosa kuliko saa 3 inayorukwa. Jumla za mwezi bado mtazilinganisha na kituo cha mamlaka, ila msilinganishe siku kwa siku.

Hakuna mvua, andika 0.0. Hukusoma, piga mstari. Hii mistari miwili ya maelezo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye daftari, kwa sababu nafasi tupu ikiingia kwenye kompyuta inageuka sifuri, na mwisho wa mwaka mnatangaza ukame ambao haukutokea. Wasomaji wawe wawili kila kituo, na mmoja asiwe mwanafunzi, maana likizo ya Juni na ya Desemba vipo.

*Mfongo.* Maji yanapodondoka toka juu, tegeni ndoo ya lita 20 na saa ya simu: ikijaa kwa sekunde 8 ni lita 2.5 kwa sekunde. Rudieni mara tatu. Kwenye mfereji tambarare tumieni chungwa. Linazama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi kama kipande cha boksi. Pimeni mita 10 zilizonyooka. Mfano: upana wa wastani sm 60, kina cha wastani sm 20, eneo ni m² 0.12. Chungwa likitumia sekunde 25, kasi ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisha kwa 0.8 upate 0.32, kisha mara 0.12, unapata m³ 0.0384, yaani lita 38 hivi kwa sekunde. Mfereji wenye mawe na nyasi nyingi tumieni 0.7. Lolote mtakalochagua, lisibadilike katikati ya mradi.

Kosa kubwa hapa halimo kwenye hesabu, limo kwenye zamu. Mfongo una ratiba ya wazee wake. Mkipima Jumanne wa juu wakiwa wamefungua na Jumanne nyingine wakiwa wamefunga, mtaona mfongo "umekauka" kumbe ni zamu ya watu. Kila kipimo kiandikwe ni zamu ya nani, na kabla ya yote nendeni kwa kamati ya mfongo. Kijana akionekana anachezea maji bila wazee kujua, mradi umekufa siku hiyo.

Mtoni kwenye mafuriko hakuna kipimo. Kanuni ni magoti: maji yakipita magoti, haingii mtu. Alama za sentimita zichorwe kwenye nguzo ya daraja wakati wa kiangazi, kwa ruhusa, na zipigwe picha toka ukingoni.

---

kobo_na_karatasi amejibu:

Nyongeza kuhusu simu. KoboToolbox (programu ya kujaza fomu kwenye simu) inatosha na ni bure kwa kazi ya ukubwa huu. Inakusanya bila mtandao, mnatuma mkifika penye mnara. Ila kuna mtego ambao mwongozo wa Kizungu hautautaja: saa zetu. Kijana anasoma mvua saa 1 asubuhi, anaandika 1:00, kompyuta inaelewa saa 7 usiku. Wenzake wanaandika 7:00. Mnaishia na vituo viwili vinavyosoma kwa tofauti ya saa sita, kwenye karatasi tu. Muda usiandikwe kwa mkono kabisa. Fomu ijipachike muda yenyewe, na simu zote ziwekwe kwenye saa ya mtandao.

GPS chini ya migomba inayumba. Fomu ikatae nukta yenye kosa linalozidi mita 10. Kijana asogee penye mwanya na asubiri dakika moja au mbili.

Majina ya kaya yasiwe kwenye fomu. Tumieni namba, na daftari la kuunganisha namba na majina likae na mtu mmoja, kabatini. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na dodoso lenye jina, mahali pa nyumba na mgogoro wa shamba ndilo hasa linalogusa sheria hiyo. Picha za nyumba zilizobomoka pia: bila sura za watu.

Kutambua takwimu za kupika: mvua haijui namba za mviringo. Mkiona 5, 10, 15, 20 zimejaa, mtu anakadiria kwa macho. Mahojiano ya dakika 40 yaliyokamilika kwa dakika 9, rudini kwenye kaya hiyo. Kila wiki msimamizi arudie kaya moja katika kila kumi kwa maswali matatu tu, na vijana waambiwe tangu siku ya kwanza kwamba hilo hufanyika.

---

Shangwe_wa_Uru amejibu:

La malipo: msilipe kwa fomu. Ukilipa kwa fomu utaletewa fomu, zimejazwa chini ya mwembe. Kwa maoni yangu vijana wasilipwe kabisa, wapewe nauli, chakula na cheti. Fedha ikiingia, siku mradi unaisha hakuna atakayesoma chupa ya mvua.

---

bint_kibosho amejibu:

Kaka Shangwe, la fomu nakubali. La kutolipa hapana. Kibarua cha siku kwenye mpunga au kahawa kina bei inayojulikana kijijini. Ukimwita kijana siku nzima kwa chakula na cheti, atakayekuja ni yule ambaye nyumbani wana uwezo. Wa kibarua hatakuja, na ndiye anayejua njaa ya kaya inaanza wapi. Lipeni siku ya kazi sawa na kibarua cha kijiji hicho, nusu siku nusu yake, na wote sawa. Kusoma chupa kila asubuhi kuwe na malipo madogo ya mwezi, yanayotolewa kwa daftari lililo kamili pamoja na mistari ya "sikusoma". Umuadhibu kijana kwa kukiri hakusoma, naye atakutungia mvua.

Na msiwaahidi mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ina taratibu zake za vikundi, ninyi hamna mamlaka nayo. Ikishasemwa mkutanoni, hairudi mdomoni.

---

mwl_wa_zamu amejibu:

Dodoso. Neno "ustahimilivu" liondoeni, hata "mabadiliko ya tabianchi". Ukimuuliza mtu "mmeathirika vipi na mabadiliko ya tabianchi" atakupa jibu la semina: mvua zimepungua, miti imekatwa. Amelisikia redioni. Muulize alichofanya:

"Masika yalipochelewa mara ya mwisho, kitu cha kwanza kuuza kilikuwa nini?"
"Nani alikula kidogo?"
"Mlikopa kwa nani, na mlilipa lini?"

Mpangilio wa majibu ndio habari. Kaya inayoanza kwa kuuza kuku na kaya inayoanza kwa kuuza ng'ombe wa maziwa haziko pamoja, hata kama zote zimesema "tuliathirika".

Tarehe kwa wazee ziwekeni kwa matukio. El Nino ya 1997/98, ukame wa 2009, mafuriko ya Aprili 2024. Kijana aliye na miaka 17 leo, mwaka 2009 alikuwa mgongoni mwa mama yake au hajazaliwa, kwa hiyo mstari huo wa matukio achore na babu au bibi, si kwa kubuni. Chukueni manila mbili, moja ya matukio, ya pili kalenda ya miezi 12: mvua, kupanda, njaa, magonjwa, ada za shule. Januari itajaa alama mpaka karatasi ichoke.

Umiliki wa ardhi ulizeni kwa uangalifu mkubwa. "Shamba lako lina ekari ngapi" kwa kijana wa kihamba ni swali lisilo na jibu. Kihamba ni cha baba, na kimila nyumba ya wazazi huenda kwa kitindamimba. Ulizeni "ni sehemu gani unaamua wewe kipandwe nini". Na msiulize urithi kaka wawili wakiwa wamekaa pamoja.

Ubadilishanaji: vijana wa kijiji A wahoji kijiji B. Mama hatamwambia mtoto wa jirani kwamba anadaiwa dukani, jioni mtaa mzima utajua. Vipimo vya mvua na mfongo vibaki nyumbani kwao, mahojiano yavuke. Waende wawili wawili, mmoja anauliza, mmoja anaandika, msichana na mvulana. Shikamoo, kukaa, kueleza, ndipo simu itoke mfukoni. Simu ikitangulia, mzee anadhani anarekodiwa, na ana haki ya kudhani hivyo.

Kaya za kuhoji zitoke kwenye daftari la kitongoji. Kama zina 180 na mnataka 30, chukueni kila ya sita, ya kwanza ipatikane kwa kura kati ya 1 na 6. Mkimwachia kijana achague, atahoji nyumba zilizo kando ya barabara.

---

ukanda_wa_juu ameandika:

Asanteni sana, hapa nimepata zaidi ya nilivyotegemea. Nimekubali 30, malipo ya siku, vipimo viwili. Kuna mawili yamebaki. Vijana wachambue vipi wakati wengine hawajagusa kompyuta? Na matokeo yapelekwe wapi ili yasiishie kwetu?

---

mwl_wa_zamu amejibu:

Mbegu. Mahindi ni kaya za juu, maharage ni za chini. Swali moja, majibu manne, chora miraba minne kwenye manila sakafuni, kila fomu ni punje moja. Maswali matatu kwa kikao, si zaidi, saa mbili zinatosha. Punje zikishakaa, muulizane kwa nini mraba huu una mahindi tu. Kompyuta ifanye hesabu ile ile pembeni, na zisipolingana tafuteni kosa wote pamoja. Mara nyingi ni fomu iliyotumwa mara mbili. Wenye kompyuta wasikae wote meza moja, wagawanywe.

---

bint_kibosho amejibu:

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa kila miezi mitatu. Ajenda hupitia Halmashauri ya Kijiji, kwa hiyo karatasi imfikie mtendaji wiki tatu kabla. Karatasi moja, upande mmoja: kipimo kimoja, picha moja ya punje, ombi moja lenye gharama. "Lango la mfongo linavuja, lita 38 zinaingia juu, lita 22 zinafika chini, linahitaji saruji mifuko kadhaa na msaragambo (kazi ya pamoja ya wanakijiji) wa siku moja" litajadiliwa. "Jamii ijengewe uwezo" litapigiwa makofi na kusahaulika. Mipango ya vijiji inakusanywa mwishoni mwa mwaka ili iingie bajeti inayoanza Julai, kwa hiyo mkichelewa hadi Machi mmeukosa mwaka mzima. Nakala ya takwimu za mifongo pelekeni pia ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iko hapo hapo Moshi.

Wa kuisoma karatasi hiyo mkutanoni wawe vijana wenyewe, wawili, mvulana na msichana, wamefanya mazoezi mara mbili mbele ya watu wanaouliza maswali ya kukera. Swali la kwanza litakuwa "mmelipwa shilingi ngapi kwa kazi hii?" Wajibu kwa namba.

---

mpimamvua amejibu:

Kabla hamjatangaza lita 38 na 22, pimeni juu na chini siku ile ile, saa ile ile, timu mbili zikipigiana simu, siku tatu tofauti. Na hesabuni kila mfereji unaochepuka katikati. Maji yaliyoingia shambani kwa mtu hayajavuja, yamenywesha.